Mabaki ya Dawa Mezani: Hoja ya Kupima Maziwa, Nyama na Mayai Kabla ya Kuuzwa

Mlaji wa Tanzania amezoea kukikagua chakula kwa macho, pua na ulimi. Nyama iliyobadilika rangi huirudisha buchani, yai viza hulitambua kwa kulitia majini, na maziwa yaliyoongezwa maji huyashuku kwa wepesi wake. Mkaguzi wa nyama machinjioni naye hutumia macho, mikono na kisu: hupasua ini kutafuta minyoo, hukata tezi kutafuta dalili za kifua kikuu, kisha hugonga muhuri. Maarifa haya yamewakinga watu wengi na yanastahili heshima. Hata hivyo, kipo kitu kimoja ambacho jicho, pua na kisu haviwezi kukigundua, nacho ni dawa iliyobaki ndani ya chakula. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya penisilini jana jioni ni meupe kama maziwa mengine yote. Yai la kuku aliyenyweshwa tetrasaiklini lina ute na kiini kama yai la jirani yake. Muhuri wa mkaguzi hauwezi kusema lolote kuhusu figo la ng'ombe aliyetibiwa juzi.

Sheria na viwango vya kudhibiti mabaki hayo vipo. Maabara zenye uwezo wa kuyapima zipo. Kinachokosekana ni upimaji wa kawaida, wa kila siku, unaofanyika mahali ambapo chakula hukusanywa kabla hakijatawanyika kwa walaji. Makala haya yanatetea kuanzishwa kwa upimaji huo, kwa kuanzia na maziwa, na yanapendekeza ufanyike kwa namna isiyomwangamiza mfugaji mdogo.

Dawa huingiaje katika chakula?

Mifugo huugua, na mnyama mgonjwa ana haki ya kutibiwa. Ng'ombe wa maziwa hupata ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe wa malishoni hupata ndigana baridi, ambayo tiba yake ya kawaida ni oksitetrasaiklini, dawa ambayo wafugaji wengi huifahamu kwa herufi tatu tu: OTC. Kuku wa kisasa, wanaofugwa kwa maelfu katika banda moja, hupata mafua na kuhara, na dawa zao huchanganywa katika maji ya kunywa. Hakuna kosa katika tiba hizo zinapotolewa kwa ugonjwa unaostahili na kwa kipimo sahihi.

Tatizo huanza baada ya tiba. Mwili wa mnyama huivunjavunja dawa kupitia ini na kuitoa kupitia figo, lakini kazi hiyo huchukua muda. Wakati ikiendelea, sehemu ya dawa huingia katika maziwa, katika misuli na katika mayai. Kwa sababu hiyo kila dawa ya mifugo iliyosajiliwa ina kipindi cha kusubiri, yaani idadi ya siku ambazo lazima zipite kati ya dozi ya mwisho na siku ya kuchinja, kukamua kwa ajili ya kuuza, au kukusanya mayai. Kwa oksitetrasaiklini ya sindano inayodumu mwilini kwa muda mrefu, kipindi hicho kwa nyama ni takriban wiki nne, na kwa maziwa ni siku kadhaa, kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Kwa mayai jambo ni gumu zaidi: kiini cha yai hukua kwa takriban siku kumi kabla yai halijatagwa, hivyo dawa iliyomezwa leo huweza kuonekana katika yai la wiki ijayo. Ndiyo maana baadhi ya dawa hazikubaliki kabisa kwa kuku wa mayai.

Kwa nini kipindi cha kusubiri hakizingatiwi? Jibu la haraka ni kwamba wafugaji hawana elimu, na jibu hilo lina ukweli, kwa kuwa maelezo mengi kwenye chupa huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Lakini elimu pekee haimalizi hesabu. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili wanaokamuliwa, mmoja wao akitibiwa kiwele, huambiwa amwage nusu ya kipato chake kwa wiki nzima, huku pumba na mashudu vikiendelea kununuliwa. Mfugaji wa kuku wa nyama ambaye banda lake limeugua wiki moja kabla ya kuuza huambiwa aendelee kuwalisha kuku ambao mteja amekwisha kuwaagiza. Lipo na tukio baya zaidi: mnyama ambaye tiba imeshindikana huchinjwa upesi ili thamani yake isipotee kabisa. Mnyama huyo, aliyepokea dawa nyingi kuliko wote, ndiye anayefika sokoni mapema kuliko wote.

Tena, dawa nyingi hutolewa bila sababu. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, husababishwa na virusi, na hakuna antibaiotiki inayoweza kuutibu. Hata hivyo, kuku wanapoanza kudondoka, hatua ya kwanza katika kaya nyingi ni kukimbilia duka la dawa za mifugo na kununua pakiti ya antibaiotiki. Kuku hufa, fedha hupotea, na wale waliosalimika huuzwa wakiwa na dawa isiyowasaidia.

Kwa nini jambo hili ni la hospitali pia

Msomaji anaweza kuuliza madhara ya mabaki hayo kwa binadamu ni yapi hasa. Jibu linapaswa kutolewa kwa uangalifu, bila kutia hofu na bila kupuuza.

Dhara la kwanza ni mzio. Wapo watu ambao miili yao haivumilii penisilini hata kwa kiasi kidogo sana. Wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) walizingatia hilo walipopendekeza kwamba mtu asimeze zaidi ya mikrogramu 30 za benzilipenisilini kwa siku kutoka katika vyakula vyote. Kutokana na hesabu hiyo, Tume ya Codex, iliyoundwa na mashirika hayo mwaka 1963, iliweka kikomo cha mikrogramu 4 katika kila kilo ya maziwa. Kwa tetrasaiklini, ambazo hazina hatari hiyo ya mzio kwa kiwango sawa, kikomo ni mikrogramu 100 katika lita ya maziwa, 200 katika kilo ya nyama na 400 katika kilo ya mayai. Vikomo hivyo vimewekwa kwa tahadhari. Mtoto wa kilo kumi anayekunywa nusu lita ya maziwa yenye tetrasaiklini kufikia kikomo chenyewe bado hajafikia sehemu ya tano ya kiasi kinachokubalika kwa uzito wake. Maziwa yaliyo chini ya kikomo, kwa hiyo, ni salama. Hatari imo katika maziwa ambayo hakuna aliyeyapima, ambayo huenda yamezidi kikomo mara kumi au mara mia.

Dhara la pili linahusu dawa chache zisizo na kiwango salama. Kloramfenikoli ndiyo mfano mashuhuri. Kwa watu wachache sana, dawa hiyo husababisha uboho wa mifupa kuacha kutengeneza damu, na tukio hilo halitegemei ukubwa wa dozi. Kwa kuwa haiwezekani kusema kiasi gani ni kidogo vya kutosha, Codex haikuiwekea kikomo. Inashauri isitumiwe kabisa kwa wanyama wa chakula. Chakula chenye kloramfenikoli hakihitaji kujadiliwa kwa vipimo vya mikrogramu.

Dhara la tatu, ambalo ndilo kubwa kwa jamii nzima, ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945 kwamba vijidudu vinavyokutana na dawa kwa kiasi kisichotosha kuviua hujifunza kuistahimili. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kugundua jeni liitwalo mcr-1, linaloviwezesha vijidudu kuishinda kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa. Jeni hilo lilipatikana kwa nguruwe, katika nyama ya madukani, na kwa wagonjwa. Kolistini ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo ili ikue haraka. China ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017.

Uzito wa jambo hili unaonekana wodini. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watoto waliokuwa na maambukizi ya bakteria katika damu. Miongoni mwa wale ambao bakteria wao, wa kundi la Gram hasi, walikuwa na vimeng'enya vinavyovunja antibaiotiki za familia ya penisilini na sefalosporini, asilimia 71 walifariki. Miongoni mwa wale ambao bakteria wao wa kundi hilohilo hawakuwa na vimeng'enya hivyo, waliofariki walikuwa asilimia 39. Duniani kote, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionesha kwamba vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na kwamba mzigo mkubwa zaidi kwa idadi ya watu uliangukia Afrika Kusini mwa Sahara.

Haitakuwa haki kumtwika mfugaji mzigo wote huo. Antibaiotiki zinazouzwa kwa binadamu bila cheti cha daktari, dozi zisizomalizwa, na maambukizi yanayosambaa ndani ya hospitali zenyewe vina sehemu kubwa. Wala si kweli kwamba mabaki yaliyomo katika glasi ya maziwa ndiyo njia kuu ya usugu. Njia iliyo kubwa zaidi ni vijidudu sugu vyenyewe, vinavyozaliwa tumboni mwa mnyama aliyepewa dawa ovyo na kuwafikia watu kupitia samadi, maji, mikono ya wachinjaji na chakula kisichoiva. Hata hivyo mabaki yana thamani ya pekee kama ushahidi. Dalili ya mvua ni mawingu: palipo na mabaki yaliyozidi kikomo, pana dawa iliyotolewa bila utaratibu. Anayepima mabaki anamlinda mlaji wa leo, na papo hapo anaona mahali ambapo usugu wa kesho unatengenezwa.

Hapa yafaa kusahihisha imani moja iliyoenea. Kuchemsha maziwa na kuivisha nyama huua vijidudu, vikiwamo vile sugu, na kila kaya inapaswa kuendelea kufanya hivyo. Lakini moto wa jikoni hauiondoi dawa. Salfonamidi hustahimili joto la kupikia, penisilini hubaki kwa sehemu kubwa katika maziwa yaliyochemshwa, na tetrasaiklini hupungua tu kwa kiasi bila kutoweka. Mama anayechemsha maziwa ya mwanawe kwa uangalifu wote amefanya wajibu wake. Wajibu uliobaki si wake.

Kipimo hakihitaji maajabu

Watengenezaji wa mtindi walikuwa wa kwanza kuyatambua mabaki, hata kabla ya maabara. Maziwa yenye antibaiotiki hukataa kuganda, kwa kuwa dawa huua bakteria wale wale wanaotegemewa kuyagandisha. Kipimo cha maabara kinachotumika sana duniani kimejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Kichupa kidogo kina chakula cha bakteria, rangi inayobadilika kwa asidi, na mbegu za bakteria anayependa joto, aitwaye Geobacillus stearothermophilus. Matone machache ya maziwa hutiwa, kichupa hupashwa joto la takriban nyuzi 64 kwa saa tatu hivi, kisha rangi husomwa. Ikiwa bakteria wamekua, rangi ya zambarau hugeuka manjano, nayo ni habari njema. Ikiwa zambarau imebaki, kuna kitu kilichowazuia kukua.

Zipo pia tepe za haraka, zinazofanana kwa umbo na zile za kupimia ujauzito au malaria. Hutumbukizwa katika maziwa na kutoa jibu ndani ya dakika chache kwa familia za dawa zinazotumika zaidi, hasa penisilini na jamaa zake na tetrasaiklini. Hazihitaji umeme mwingi wala shahada ya uzamili. Mhudumu wa kituo cha kukusanyia maziwa ambaye tayari hutumia laktomita kutambua maji na kipimo cha alkoholi kutambua uchachu anaweza kufundishwa kuzitumia.

Vipimo hivi ni vya mchujo. Kazi yake ni kutenga kinachoshukiwa na kisichoshukiwa, na mara nyingine hukosea: maziwa ya dang'a au ya kiwele kilichovimba yana vizuizi vya asili vinavyoweza kulibakiza zambarau pasipo dawa yoyote. Ndiyo maana sampuli iliyoshukiwa, panapokuwa na mgogoro au adhabu, lazima ithibitishwe katika maabara kubwa kwa mitambo inayotambua dawa kwa jina na kwa kiasi. Wasomaji wanaofahamu upimaji wa Virusi vya Ukimwi watautambua mpangilio huo: kipimo cha kwanza hutoa shaka, cha pili hutoa hukumu.

Mahali pa kuanzia ni tanki la maziwa, na sababu yake ni ya hesabu. Chukua dawa ya kiwele yenye miligramu 100 za penisilini. Kwa kikomo cha mikrogramu 4 kwa lita, kiasi hicho kingetosha kuyafikisha maziwa lita 25,000 kwenye kikomo. Hata kama ni asilimia moja tu ya dawa iliyoingia katika maziwa ya mkamuo mmoja, asilimia hiyo inatosha kwa lita 250. Ng'ombe mmoja aliyetibiwa, mwenye kuchangia lita tano tu, anaweza kuharibu maziwa ya majirani thelathini. Kwa upande wa pili, kipimo kimoja cha tanki kinawalinda walaji mamia, na gharama yake ikigawanywa kwa lita zilizomo hubaki kidogo.

Asali ya Ulaya na maziwa ya nyumbani

Anayesema kwamba nchi haina uwezo wa kupima mabaki anapaswa kutazama bidhaa zinazosafirishwa. Umoja wa Ulaya hauruhusu bidhaa za wanyama kuingia katika soko lake bila nchi ya asili kuwa na mpango wa kufuatilia mabaki ya dawa, na Tanzania imekuwa katika orodha ya nchi zilizokubaliwa kwa asali. Sangara wa Ziwa Victoria wana historia inayofundisha zaidi. Kati ya mwaka 1997 na 1999, Ulaya iliwazuia mara kadhaa, kwanza kwa hofu ya vimelea vya salmonela na kipindupindu, kisha kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Viwanda vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilitikisika. Matokeo yake hayakuwa malalamiko peke yake: nchi za ziwa ziliimarisha ukaguzi na maabara zao, na leo maabara ya Nyegezi, Mwanza, ni sehemu ya urithi wa juhudi hizo.

Kwa hiyo uwezo hupatikana pale mnunuzi anapoudai. Mlaji wa Hamburg anayeipaka mkate wake asali ya Tabora ana mtu anayemuulizia habari ya mabaki. Mtoto wa Mbagala anayekunywa maziwa ya dukani au ya mchuuzi wa baiskeli hana. Tofauti hiyo haina utetezi wa kitabibu. Watafiti wa ndani, hasa wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamekwisha kuchapisha kazi zinazoonesha kuwepo kwa mabaki katika maziwa, mayai na nyama zinazouzwa nchini. Hoja kwamba tatizo halijulikani imepitwa na wakati.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba kupima kila yai na kila kilo ya nyama haiwezekani, na hakuna nchi inayofanya hivyo. Marekani hupima kila lori la maziwa linalofika kiwandani kwa dawa za jamii ya penisilini. Sampuli ya kila mfugaji aliyechangia huhifadhiwa. Lori likikutwa na dawa, maziwa yote humwagwa, mhusika hutafutwa kwa sampuli yake, na hasara ni yake. Utaratibu huo umeyafanya malori yanayokutwa na dawa kuwa machache sana, chini ya moja katika kila 1,000. Nguvu yake haimo katika wingi wa maziwa yanayomwagwa. Imo katika uhakika wa mfugaji kwamba kipimo kitafanyika. Kwa nyama na mayai, uchaguzi wa sampuli chache kwa bahati nasibu, kila wiki, katika machinjio makubwa na masoko ya jumla, ungetosha kuonesha mwelekeo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaotetea upimaji wasilikwepe. Ni sehemu ndogo tu ya maziwa ya Tanzania inayopita viwandani. Mengi huuzwa mkono kwa mkono. Kituo kikiyakataa maziwa asubuhi, mfugaji anaweza kuyauza jioni kwa jirani. Upimaji uliobuniwa vibaya utayasafisha maziwa ya mwenye uwezo wa kununua pakiti na kuyapeleka yaliyokataliwa kwa maskini. Kwa hiyo kanuni lazima iwe kwamba maziwa yaliyokutwa na dawa hayarudi nyumbani kwenye ndoo: yatiwe rangi inayokubalika au yaharibiwe hapohapo. Na kwa kuwa hakuna mfugaji atakayekubali kumwagiwa bure, ushirika au kituo kiwe na mfuko mdogo unaochangiwa kwa kila lita, utakaomfidia kwa sehemu yule anayetangaza mwenyewe, kabla ya kupimwa, kwamba ng'ombe wake yuko kwenye tiba. Anayeficha na akakutwa asilipwe kitu. Mfumo unaomlipa mkweli hujenga ukweli.

Pingamizi la tatu ni la mamlaka. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umehamishiwa Shirika la Viwango (TBS), wakati dawa zimebaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mifugo iko chini ya wizara yake, maziwa yana bodi yake, nyama ina bodi yake, na machinjio na masoko mengi husimamiwa na halmashauri. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu, ulioanza mwaka 2017 na kuhuishwa kwa kipindi cha 2023 hadi 2028, unahimiza mtazamo wa Afya Moja unaowaunganisha madaktari wa watu, wa mifugo na wataalamu wa mazingira. Mtazamo huo utakuwa na maana ikiwa matokeo ya kipimo cha maziwa ya Tanga au ya figo la Vingunguti yataandikwa katika daftari moja linalosomwa na wote hao.

Yanayoweza kuanza sasa

Hatua ya kwanza ni kuvipa vituo vya kukusanyia maziwa, kwa kuanzia na vile vikubwa, tepe za kupimia tanki na utaratibu wa kuhifadhi sampuli ya kila mfugaji. Miezi sita ya mwanzo iwe ya kufundisha: anayekutwa aelekezwe na afisa ugani bila faini, na maziwa yake yafidiwe kwa sehemu. Baada ya hapo sheria ichukue mkondo wake.

Hatua ya pili ni kumbukumbu. Kila ng'ombe anayetibiwa avikwe kamba ya rangi mguuni hadi kipindi cha kusubiri kiishe, ili hata mkamuaji asiyejua kusoma ajue maziwa yake yasichanganywe. Daftari la matibabu lisafiri pamoja na mnyama hadi mnadani na machinjioni. Dawa zinazouzwa nchini zibebe kipindi cha kusubiri kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na muuza duka awe na wajibu wa kukitamka anapoikabidhi.

Hatua ya tatu ni kupunguza haja ya dawa zenyewe, kwa maana kinga ni bora kuliko tiba. Chanjo ya mdondo inayostahimili joto hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Kuku aliyechanjwa hahitaji pakiti ya antibaiotiki isiyomfaa. Usafi wa kiwele na mikono ya mkamuaji hupunguza ugonjwa wa kiwele kuliko sindano yoyote. Matumizi ya antibaiotiki kwa ajili ya kukuza tu, ambayo Sweden iliyapiga marufuku mwaka 1986, Umoja wa Ulaya mwaka 2006, na ambayo WHO ilishauri yakomeshwe mwaka 2017, hayana nafasi katika ufugaji unaojali afya.

Hatua ya nne ni kutangaza matokeo. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Muscat, Oman, mwezi Novemba 2022 uliweka shabaha ya kupunguza dawa hizi katika kilimo na ufugaji kwa asilimia 30 hadi 50 ifikapo mwaka 2030. Shabaha isiyopimwa haiwezi kujulikana kama imefikiwa. Kila mwaka wananchi waelezwe ni sampuli ngapi zilipimwa, ngapi zilizidi kikomo, na nini kilifanyika, bila kuwaaibisha wafugaji kwa majina na bila kuficha takwimu kwa kuogopa soko. Mficha maradhi kifo humuumbua, na soko la maziwa lililojengwa juu ya kutojua litaanguka siku ambayo mtu mwingine, pengine mnunuzi wa nje, ataamua kupima.

Mlaji naye ana sehemu yake. Amuulize mchuuzi wake kama ng'ombe ametibiwa karibuni, na anapojibiwa kwa ukweli asimsusie, bali asubiri siku hizo pamoja naye. Mtindi uliokataa kuganda bila sababu asiutupe kimya kimya. Ampe habari afisa mifugo wa kata. Na anapokwenda hospitali, asidai antibaiotiki kwa kila homa, kwa kuwa hawezi kumtaka mfugaji awe na nidhamu ambayo yeye mwenyewe hana.

Antibaiotiki ni mali ya pamoja, inayopungua thamani kila inapotumiwa ovyo, iwe bandani au wodini. Watoto watakaozaliwa miaka ishirini ijayo watazihitaji kama wa leo wanavyozihitaji, na dawa mpya hazigunduliwi kwa kasi ya kufidia zile zinazopotea. Utepe mdogo unaotumbukizwa katika tanki la maziwa kila asubuhi ni gharama ndogo ukilinganishwa na kitanda cha mgonjwa ambaye dawa zote zimemkataa. Vituo vya maziwa vipo, vipimo vipo, na mamlaka zipo. Uamuzi ndio unaosubiriwa.